Karanga na korosho za sukari: zikigoma, uliza kwanza maji yako wapi

Siku mbili kabla ya Krismasi mdogo wangu alinipigia simu akiwa jikoni, karibu kulia. "Dada, karanga zimeharibika. Sukari yote imekuwa mchanga!" Nikamuuliza moto uko vipi. "Nimeshazima." Nikamwambia awashe tena, moto mdogo kabisa, na mwiko usitulie. Robo saa baadaye akanitumia picha ya sinia: karanga za rangi ya kahawia, kila moja imevaa koti la sukari lenye chenga, zinang'aa hapa na pale. Alikuwa amezima moto katikati ya safari.

Nimezipika karanga hizi miaka mingi, za Idi, za Krismasi, za Mwaka Mpya, za Maulidi. Kila zilipoharibika nilifuatilia chanzo, na mara nyingi nilikikuta kilekile: maji. Maji yaliyobaki kwenye shira, maji yaliyokauka upesi mno, maji yaliyomo ndani ya karanga mbichi, mvuke uliofungiwa kwenye chupa, unyevu wa hewa ya pwani. Kwa hiyo kabla hujabadili kipimo wala kulaumu jiko, jiulize maji yako wapi saa hii.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: vikombe 2 vya karanga mbichi zenye ngozi yake nyekundu (kama gramu 300), kikombe 1 cha sukari nyeupe, nusu kikombe cha maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na viungo. Karai pana, mwiko wa mti, sinia kubwa lililopakwa mafuta kidogo. Karanga, sukari na maji vinaingia pamoja, moto wa wastani, unakoroga. Shira itachemka kwa povu kubwa jepesi. Baadaye mapovu yanakuwa mazito na ya polepole, na ukipitisha mwiko chini ya karai unaacha njia. Sikiliza pia: mwanzoni mwiko unachapa majimaji, halafu sauti inakuwa nzito, halafu ghafla unasikia kukwaruza. Hapo shira imepauka, imekuwa nyeupe, imevunjika kuwa chenga. Hiyo ndiyo hatua iliyomtisha mdogo wangu. Punguza moto, endelea kukoroga, chenga zitaanza kuyeyuka mara ya pili na kushika rangi. Epua wakati sehemu yake imeyeyuka na sehemu bado ni chenga.

Yakienda hivyo, huna haja ya kuendelea kusoma. Yasipoenda hivyo, tafuta dalili yako hapa chini.

Umekoroga hadi mkono unauma, sukari haijawa chenga

Tazama mvuke kwanza. Kama bado unapanda na mapovu ni makubwa, maji yapo, moto wako ni mdogo. Ongeza moto kidogo, usiongeze sukari.

Kama mvuke umeisha, shira ni nzito, inavutika kama uzi na bado inang'aa, uliza umetia nini. Limau, asali, glukosi na sukari guru vyote vina tabia moja: vinazuia chembe za sukari kushikana na kujipanga. Ukamuaji mdogo tu wa limau unatosha, kwa sababu asidi yake huivunja sukari ya kawaida kuwa aina mbili za sukari ambazo hazigandi kirahisi. Ndiyo maana wapishi wa visheti hukamulia limau kwenye shira yao, hawataki igande kabla hawajavichovya. Kwenye karanga za chenga tunataka igande. Limau liache nje.

Ikiwa uliweka kidogo tu, nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha sukari kavu juu ya shira nzito kisha koroga kwa nguvu. Chembe hizo zinakuwa mbegu, na nyingine zinajipanga juu yake. Ikiwa nusu ya utamu wako ni asali, usipigane nayo. Acha shira ifike rangi ya kahawia iliyoiva, mimina kwenye sinia lenye mafuta, sawazisha unene wa kidole, kata ikiwa bado ya moto. Hizo sasa ni kashata, na hakuna mgeni atakayezikataa.

Chenga zimebaki kwenye karai, karanga ziko uchi

Hili huwapata zaidi wanaotumia karanga zilizokwisha kukaangwa na kumenywa, au korosho. Ngozi ya karanga mbichi ina mikunjo, shira inapata pa kushika. Korosho ni laini kama sabuni. Karanga zilizokaangwa kwa mafuta ni mbaya zaidi, maana shira yenye maji haishiki juu ya mafuta. Zifute kwa kitambaa safi kabla hujaanza.

Dawa ni rahisi. Nyunyiza vijiko 2 vya chakula vya maji kuzunguka karai, moto mdogo, koroga. Chenga zilizoko chini zitayeyuka kuwa shira tena, zitapanda juu ya karanga na kuganda upya. Unaweza kurudia mara mbili. Wauzaji wengine hufanya hivi kwa makusudi, ili koti liwe nene lenye vinundu.

Kwa korosho mimi huhama njia kabisa: natumia ute wa yai. Nitalieleza mbele kidogo.

Zina uchungu

Hapa usikimbilie kusema "zimeungua" na kumwaga. Kuna uchungu wa aina nne, na mmoja kati yake ni wa hatari.

Chukua punje tano, zipasue katikati, zitazame kwenye mwanga. Kama ndani ni rangi ya maziwa au ya kahawia hafifu, na koti la nje ni jeusi jeusi, iliyoungua ni sukari. Maji yakiwa mengi, shira huchemka kwa nyuzi mia na kidogo tu, haiwezi kuungua. Maji yakiisha, joto linaruka. Karibu na nyuzi 160 sukari inaanza kuwa karameli, na ikikaribia 190 utamu unageuka uchungu. Kati ya rangi nzuri na rangi mbaya kuna dakika moja au mbili, na karai la chuma zito linaendelea kupika hata baada ya kuzima. Ndiyo maana nasema epua mapema na mwaga kwenye sinia papo hapo. Kwa jiko la mkaa, ukiona chenga zimetokea, toa nusu ya makaa au yafunike kwa majivu. Mkaa hauna kitufe cha kupunguzia.

Kama ndani ya punje ni kahawia iliyokolea, iliyoungua ni karanga yenyewe. Mara nyingi ulianza na karanga zilizokwisha kukaangwa, zikapikwa mara ya pili. Ukitumia za namna hiyo, pika shira peke yake hadi iwe nzito, ndipo utie karanga.

Kama ndani na nje rangi ni nzuri lakini ulimi unapata uchungu mkavu wa vumbi, ni viungo. Mdalasini na iliki zilizosagwa huungua upesi kuliko sukari. Karafuu nyingi nazo zina uchungu wake hata zisipoungua, na hutia ganzi ulimini. Kwa kipimo hiki karafuu 3 zilizosagwa zinatosha.

Aina ya nne naiomba uisome polepole. Punje rangi yake ni nzuri, viungo ni sawa, lakini baadhi ya karanga, siyo zote, zina ladha chungu au inayokwaruza koo. Hizo ziliharibika kabla hazijafika kwako. Ukizipata zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au la njano, zimeota kuvu, na kuvu wa karanga anaweza kuacha sumu tunayoiita sumukuvu. Sumu hii haiondoki kwa kukaanga jikoni. Moto wako utaua kuvu, sumu itabaki, na sukari pamoja na iliki vitaificha ladha yake ili mtoto wa jirani aimeze bila kujua. Mwaka 2004 huko Ukambani, Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Yale yalikuwa mahindi, lakini sumu ni hiyohiyo, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoipata kwa urahisi yakikaushwa vibaya au yakihifadhiwa penye unyevu.

Kwa hiyo kabla ya kupika, mwaga karanga kwenye ungo, kaa penye mwanga, pembua. Zote zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa, tupa. Usiwape kuku. Kazi hii inachukua dakika kumi kwa nusu kilo, na ukikuta nyingi ni mbaya, rudisha mzigo wote kwa muuzaji. Mimi nanunua karanga zinazotoka Dodoma zikiwa mpya, na sinunui zile zilizomenywa zikakaa kwenye gunia wazi dukani hadi zinanuka mafuta ya zamani. Za mafuta ya zamani haziui, lakini hakuna kiungo kitakachoziokoa.

Nje zimependeza, ndani ni mbichi

Unatafuna, unapata ladha ya kunde. Maji tena. Zile dakika kumi za kwanza karanga zilikuwa zinachemka kwenye shira, hazikaangiki. Kukaangika kunaanza chenga zikishatokea, na wengi huepua hapo hapo kwa kuogopa kuunguza.

Zimwage kwenye sinia, tabaka moja, ziingie oveni nyuzi 150 kwa dakika 20 hadi 25, ukizigeuza kila baada ya dakika 8. Huna oveni? Sufuria nzito, mfuniko wa bapa, makaa machache chini na makaa zaidi juu ya mfuniko, kama unavyopika mkate wa kumimina. Tikisa kila baada ya dakika tano. Ili kujua zimeiva, toa punje moja, iache ipoe kabisa, ndipo uitafune. Karanga ya moto huwa laini hata ikiwa imeiva. Hapo ndipo wengi wanadanganyika, wanairudisha motoni na kuiunguza.

Zilikuwa kavu jana, leo zinanata

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote kutoka Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, na karibu silisikii kutoka Dodoma au Nairobi. Wanaopika hawatofautiani kwa ustadi, hewa ndiyo inayotofautiana. Desemba pwani kuna joto, mvua za vuli huenda bado zinadondoka, na hewa imeshiba maji. Sukari inayavuta maji hayo.

Lakini sukari haziyavuti maji kwa kasi moja. Koti la chenga, ambalo chembe zake zimejipanga na kushikana, hupokea unyevu taratibu. Koti linalong'aa kama kioo, yaani sukari iliyoyeyuka yote ikawa karameli, huunywa unyevu kwa haraka na kuanza kunata. Lenye asali au sukari guru ndilo baya kabisa. Ndiyo sababu kwa sherehe za pwani nasisitiza chenga, hata kama picha za karanga zinazong'aa zinavutia. Ukiwa Arusha au Iringa msimu wa ukavu, ng'arisha utakavyo.

Sababu ya pili ni chupa. Watu huzifunga zikiwa vuguvugu. Tazama ndani ya mfuniko: ukiona matone madogo ya maji, ndiyo hayo. Karanga zilitoa mvuke, mvuke ukakosa njia, ukarudi juu ya sukari. Ziache kwenye sinia saa nzima na zaidi, zitenganishe, ziguse kwa mgongo wa mkono. Kama kuna joto lolote, bado. Lakini usizilaze usiku kucha zikiwa wazi, asubuhi utakuta zimekunywa hewa. Chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana vizuri ni bora kuliko mfuko. Koni za karatasi ni nzuri mno kwa kugawia wageni, ila zijaze dakika ya mwisho, karatasi haizuii unyevu.

Zilizokwisha kulegea zirudishe oveni nyuzi 150 kwa dakika 8, zitoe, zipoe kabisa. Za chenga zitarudi kuwa kavu. Za asali zitakauka kwa muda tu, zile siku hiyohiyo.

Na friji usiiguse. Ukizitoa humo kwenye chumba cha joto, maji ya hewa yanaganda juu yake kama yanavyoganda kwenye chupa ya soda.

Nimetia viungo vingi, mbona havisikiki?

Vimeondoka na mvuke. Ile harufu iliyojaza nyumba nzima wakati shira inachemka ndiyo iliyotoka kwenye karanga zako. Iliki hasa, roho yake ni mafuta mepesi yanayopaa na joto.

Tia viungo vya unga wakati chenga zimetokea na moto umepungua, au nyunyiza mara tu unapoepua, karanga zikiwa bado na joto la kuvishika. Mimi nagawa: mdalasini kijiko 1 cha chai wakati wa chenga, iliki na kungumanga baada ya kuepua. Iliki nunua nzima, menya punje 10, twanga kwenye kinu pamoja na kijiko kidogo cha sukari ili isikimbiekimbie na isagike laini. Iliki ya unga iliyokaa kabatini tangu Idi iliyopita haina cha kutoa.

Kungumanga ikwangue kidogo sana. Pilipili manga robo kijiko inaupa utamu makali mazuri mwishoni mwa kutafuna. Tangawizi iwe kavu ya unga. Mbichi inaleta maji yake, labda uichemshe kwenye yale maji ya shira kisha uichuje kabla ya sukari kuingia. Na chumvi usiidharau. Karanga za sukari zisizo na chumvi zinakinaisha baada ya kiganja kimoja, ila chumvi iingie mwishoni, iwe laini, ili ishike nje.

Korosho na ute wa yai: koti linabanduka kama karatasi

Korosho huiva upesi kuliko karanga na hupenda moto mpole, hivyo sipendi kuzichemsha kwenye shira. Kwa nusu kilo ya korosho zilizobanguliwa: ute wa yai 1, kijiko 1 cha maji, upige hadi upate povu jepesi tu, changanya korosho, kisha gramu 150 za sukari iliyochanganywa na viungo na chumvi. Sinia, tabaka moja, nyuzi 140 hadi 150, dakika 35 hadi 40, ukigeuza kila dakika 10. Hapa viungo havipotei sana kwa kuwa hakuna shira inayochemka.

Koti likibanduka vipande vipande, ute ulikuwa mwingi au uliupiga ukawa mgumu kama wa keki. Likiwa laini katikati na kavu pembeni, korosho zimerundikana. Chini zikiungua na juu zikiwa nyeupe, oveni yako ya gesi inapiga moto kutoka chini. Weka sinia jingine tupu kwenye ngazi ya chini yake likinge.

Msimu mpya wa korosho wa Mtwara na Lindi huanza karibu na Oktoba, kwa hiyo kufika Desemba unaweza kupata mpya. Uliza. Korosho ya mwaka jana utaijua kwa harufu kabla ya kuionja.

Zimeshikana bonge moja

Ulichelewa kuzitenganisha. Lirudishe sinia oveni dakika 3 hadi 5 bonge lilegee, kisha tenganisha kwa uma mbili, siyo kwa vidole. Sukari ya moto hushika ngozi na kuendelea kuunguza. Ikikupata, mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala unga. Watoto wakae mbali na karai, hata wale wanaotaka kuonja.

Karai lenyewe lililoganda sukari usilikwangue. Lijaze maji, lichemshe, litajisafisha.

Kipimo kimoja hutoka vizuri, cha sherehe kinaharibika

Ukizidisha kipimo mara nne kwenye sufuria ileile, maji hayapati uso wa kutokea. Chini kunaungua, juu bado ni shira, mwiko haufiki kote. Pika mafungu ya vikombe 2, moja baada ya jingine. Kila fungu huchukua kama nusu saa kwenye moto, na la pili huwa zuri kuliko la kwanza kwa sababu jiko limeshapata joto sawasawa. Kwa wageni kumi wanaokunywa chai na kutafuna vitu vingine, nusu kilo inatosha.

Kama sherehe ni Jumamosi, mimi hupembua Alhamisi mchana na kupika Alhamisi jioni, nikafunga chupani usiku zikishapoa. Siku yenyewe weka nje bakuli dogo, ulijaze tena kutoka kwenye chupa kila linapopungua, na chupa uifunge kila mara. Waambie wageni mapema kwamba ni karanga na korosho, maana wapo wanaodhurika nazo vibaya, na bakuli liwe juu, watoto wa chini ya miaka mitano wasilifikie. Punje nzima ni rahisi kuwapalia.